Kuwaka Si Kupimwa: Mjadala wa Kindu Juu ya Kuongeza Kasi ya Prosesa

Kijana anayehariri video za harusi kwa kompyuta ya mezani hachelewi kugundua kwamba prosesa yake inaweza kwenda kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani. Anafungua BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, anapandisha kizidisho cha kasi kutoka 36 hadi 40, anaongeza volti kidogo, mashine inawaka, naye anaamini kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, maana kuwaka si kupimwa. Na kupima, katika mji wenye mabati juu, unyevu wa mto Lualaba hewani na umeme wa kubahatisha ukutani, kunataka masharti ambayo hayamo katika vipimo vilivyofanywa Ulaya.

Sauti nne zinazofuata nimezipanga mimi. Ni misimamo, si watu fulani: mhariri wa video, fundi wa kompyuta, mwalimu wa fizikia, na mama mwenye kituo cha kuchapa na kutoa fotokopi. Msimamo wangu mwenyewe sitauficha.

MHARIRI: Naanza mimi, kwa sababu kazi ni yangu. Harusi ni Jumamosi, familia inataka video Jumatatu. Mashine inachukua saa nzima kutoa filamu moja, na umeme haunisubiri. Nikipata asilimia kumi ya kasi bila kununua chochote, kwa nini niiache? Tena hii si dhambi. Mwaka 1998 watu waliichukua Celeron 300A ya Intel, ya megahezi 300, wakaiendesha kwa 450, na ilifanya kazi miaka. Mwaka 2011 ilikuja Core i5-2500K ya gigahezi 3.3, watu wakaipeleka zaidi ya 4 kwa kipozeo cha kawaida tu. Intel yenyewe huuza prosesa zenye herufi K zikiwa zimefunguliwa kizidisho, na AMD imeziacha wazi karibu Ryzen zote za mezani. Mlango umeachwa wazi na mwenye nyumba.

FUNDI: Mlango uko wazi, mdogo wangu, sikatai. Lakini angalia ile akiba iliyokuwa ndani ilikwenda wapi. Celeron ya 1998 ilikuwa imefungiwa kasi yake kwa sababu za soko, nguvu ilikuwepo. Prosesa za leo hujipandisha zenyewe zikiona joto na umeme vinaruhusu. Kiwanda kimekwisha kuila sehemu kubwa ya akiba uliyoitegemea. Inayobaki kwako ni nyembamba, na ukanda mwembamba ndio unaodai kipimo.

Halafu nyinyi vijana mnachanganya hatari mbili. Joto lina mlinzi. Prosesa nyingi za Intel zikifika nyuzi 100 hupunguza kasi zenyewe. Ryzen nyingi za mfululizo wa 5000 mpaka wake ni 90, nyingi za 7000 ni 95. Joto likizidi hapo kwa hatari, mashine hujizima. Kwa hiyo joto hukuaibisha leo leo. Volti haina mlinzi wa namna hiyo. Unaweza kuipa prosesa volti nyingi mno, joto likasoma nyuzi 70, ukafurahi, na kila siku ikawa inaliwa ndani bila wewe kuona.

MHARIRI: Yaya, hayo ni maneno ya kutisha watoto. Nani ameona prosesa iliyoliwa?

FUNDI: Watengenezaji wenyewe wameona. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi, kwa kosa lililokuwa katika maagizo yake ya ndani. Watu walikuwa wakiona michezo inajifunga na programu zinaanguka bila sababu. Agosti mwaka huo ikatoa marekebisho, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Lakini marekebisho yalizuia tu uharibifu usiendelee. Prosesa iliyokwisha kudhoofika haikupona. Na mwaka 2023, baadhi ya Ryzen 7000, hasa zile za X3D, ziliungua kabisa kwenye soketi kwa sababu bodi zilikuwa zikiongeza volti ya sehemu inayosimamia kumbukumbu. AMD ikaweka mpaka wa volti 1.30. Hao ndio wenye maabara. Wewe una nini?

Hapa fundi ana haki, na ningependa jambo hili liwakae vijana kichwani kuliko yote. Mashirika yenye wahandisi maelfu yalikosea katika sehemu ndogo ya volti moja, na kosa halikuonekana siku ya kwanza.

MWALIMU: Niwaeleze kwa nini sehemu ndogo inatosha. Umeme unaotumiwa na prosesa ikiwa kazini hufuata kasi yake, lakini hufuata volti mara mbili, yaani volti ikizidishwa kwa volti. Chukua prosesa ya wati 65 inayofanya kazi kwa volti 1.20. Ipandishe hadi 1.35 na uongeze kasi asilimia kumi. Volti peke yake imekuongezea karibu asilimia 27. Ukijumlisha na kasi, umefika asilimia 39. Zile wati 65 zimekuwa karibu 90. Zote hugeuka joto, na joto hilo lazima litoke kupitia kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Sasa hesabu ya filamu yako. Kazi ya dakika 60 sasa inachukua karibu dakika 55. Umeme wa kasi umerudi kwa kumaliza mapema, lakini ule wa volti haukurudi. Kwa filamu ileile prosesa inakula asilimia 27 zaidi. Wati-saa 65 zimekuwa 82.

MHARIRI: Mwalimu, umehesabu prosesa peke yake. Kioo, diski, bodi, kadi ya picha, vyote vinakula wakati nasubiri. Nikimaliza mapema vyote vinapumzika mapema.

MWALIMU: Swali zuri, na jibu lake liko kwenye namba. Tuseme vyote hivyo vinakula wati 60. Dakika tano na nusu ulizookoa ni kama wati-saa tano na nusu. Prosesa imekula 17 zaidi. Bado umepoteza karibu 12. Mtu anayefanya kazi kwa betri na sola, betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ambayo hapaswi kuitoa zaidi ya nusu, ana wati-saa 600 tu mkononi. Kwake hizo 12 kwa kila filamu si kitu cha kudharau.

MAMA: Mimi nimekuwa nikisikiliza. Mnaongea wati na volti, mimi naongea watu. Kwangu mwanafunzi analeta TFC yake, kazi ya kumalizia masomo, kwenye fleshi, kurasa themanini, kesho anaitetea. Mashine ikizima ninaomba radhi na kuiwasha tena. Lakini nimesikia kwamba mashine iliyosukumwa inaweza kukosea bila kuzima. Ni kweli?

FUNDI: Ni kweli, Mama, na ndiyo mbaya kuliko zote. Prosesa yenye volti pungufu kwa kasi iliyopewa hukosa hesabu moja kati ya mabilioni. Kosa likiangukia mahali pabaya, skrini ya bluu. Likiangukia kwenye faili linalohifadhiwa, unapata video yenye sekunde mbili za mabaka ya kijani, au hati isiyofunguka. Mashine inaendelea kutabasamu.

Ndiyo maana siipimi kwa kutazama kama imezima. Natumia Prime95, programu ya mradi wa GIMPS ulioanza mwaka 1996 kutafuta namba tasa kubwa. Faida yake ni kwamba jibu sahihi linajulikana kabla. Prosesa ikijibu vingine, programu inakisimamisha kile kiini cha prosesa kilichokosea na kuandika kosa. Inaweza kuwa imefanya sawa dakika arobaini, ikakosea ya arobaini na moja.

MHARIRI: Prime95 ni mateso tu, Yaya. Hakuna kazi ya kweli inayochemsha prosesa namna hiyo. Unapima kitu ambacho sitakifanya kamwe.

FUNDI: Ungekuwa unaandika barua ningekubali. Lakini wewe unabana video, na programu za kubana video hutumia amri zilezile nzito za AVX zinazochemsha zaidi. Kazi yako iko jirani na mateso kuliko unavyodhani. Na hata hivyo sitosheki na Prime95. Mwisho wa kipimo nachukua mradi wako mwenyewe, harusi uliyokwisha kuitoa, naitoa tena mara kadhaa, nalinganisha.

MWALIMU: Tuelezee basi unavyopima, tangu mwanzo. Maana wengi hurukia mwisho.

FUNDI: Kwanza sigusi kitu. Naiacha mashine kama ilivyotoka kiwandani, napima joto lake na volti yake chini ya mzigo, naandika. Bila namba hizo hutajua baadaye umeongeza nini. Na mara nyingi kipimo hicho cha kwanza tu kinamaliza mjadala. Mashine inakuja kwangu ikiwa na nyuzi 96 kabla ya kuongezwa chochote. Nang'oa kipozeo: pasta ya kupitishia joto imekauka, inabanduka kama udongo wa ukuta, na mapezi yameshonwa na vumbi jekundu. Nasafisha kwa brashi na spiriti, naweka pasta mpya punje moja katikati, nakaza skrubu kwa kukatisha kona kwa kona, si upande mmoja kwanza. Inarudi nyuzi 74. Mwenyewe anasema sasa iko haraka. Iko haraka kwa sababu haijizuii tena.

Ikiwa bado tunataka kuendelea, nahamisha kazi zote za mtu kwenda diski nyingine. Hilo sijadiliani na mtu. Kisha BIOS: naondoa volti kwenye mpangilio wa kujiendesha. Bodi nyingi, ukipandisha kizidisho na kuiachia volti ijichagulie, huongeza nyingi kupita haja ili mashine isianguke na bodi isilaumiwe. Naweka namba mwenyewe. Napandisha kizidisho hatua moja. Sio nne. Natesa dakika kumi na tano. Ikikosea, naongeza volti kwa 0.01 hadi 0.02, narudia. Jicho moja liko kwenye joto, lingine kwenye volti inayosomwa chini ya mzigo, kwa sababu ile uliyoandika BIOS siyo inayofika. Ukiweka 1.30, mzigo ukija inaweza kushuka hadi 1.25. Kuna mpangilio wa kuzuia mshuko huo, na vijana huupeleka hadi mwisho. Kosa. Mshuko ukizuiwa kabisa, mzigo unapoondoka ghafla volti huruka juu kwa muda mfupi mno ambao multimita haiuoni. Naacha katikati.

MHARIRI: Na unasimama volti ngapi? Toa namba.

FUNDI: Namba hutegemea kizazi. Kwa Intel za nanomita 14, waangalifu wengi walisimama karibu 1.35. Kwa Ryzen za nanomita 7, viini vyote vikiwa kazini, wengi hawataki kuzidi 1.30, na mimi husimama chini ya hapo. Jinsi nyaya za ndani zilivyo nyembamba ndivyo zinavyovumilia kidogo. Namba ya rafiki mwenye prosesa ya 2011 usiihamishie ya 2021.

MWALIMU: Hapo kuna kanuni ya James Black ya mwaka 1969. Mkondo mkali wa elektroni husukuma atomi za chuma katika nyaya hizo, polepole, mpaka waya unakonda na kukatika. Umri wa waya hupungua mkondo unapoongezeka, na hupungua kwa kasi kubwa zaidi joto linapopanda. Volti na joto si maadui wawili wanaokuja kwa zamu; huja pamoja, mmoja akimsaidia mwenzake.

MAMA: Na joto la hapa kwetu? Maana mchana chini ya mabati hata mtu anajizuia.

Swali hili la Mama ndilo moyo wa mjadala wote, na nashangaa huulizwa mwisho. Kindu iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, katika bonde la mto, na mwinuko wake haupiti sana mita mia tano. Hatuna ubaridi wa Bukavu wa kutusaidia.

MWALIMU: Kipozeo cha feni hakiwezi kushusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Kinachopimwa kwa kweli ni tofauti kati ya prosesa na chumba. Jaribio la Ulaya likisema nyuzi 78, uliza chumba kilikuwa ngapi. Kwa kawaida ni 21 au 22. Hewa ikiwa 32, ongeza zile kumi: 78 yao ni 88 yako, na kidogo juu, kwa sababu silikoni ikiwa moto huvujisha umeme zaidi.

FUNDI: Ndiyo sababu kipimo cha saa moja asubuhi, mlango wazi, kifuniko cha keisi kimetolewa, sikihesabu. Mimi hutesa mashine kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, kifuniko kimefungwa, mahali inapokaa siku zote. Natafuta isizidi nyuzi 85 saa hiyo. Na siangalii prosesa tu. Kando ya soketi kuna vipande vidogo vyeusi vinavyoigawia umeme. Bodi za bei rahisi huviacha uchi bila bamba la kupoza. Prosesa inaweza kusoma 80 huku hivyo viko juu ya 100. Bodi ya namna hiyo sitaipandisha hata ukinipa fedha.

MHARIRI: Rafiki zangu wanaweka barafu kwenye mfuko karibu na feni.

FUNDI: Wazuie leo.

MWALIMU: Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi chini ya 26 hivi. Mfuko wa barafu utatiririsha jasho juu ya bodi. Wale wanaovunja rekodi kwa naitrojeni ya kimiminika hukinga bodi zao kwa uangalifu mkubwa na huziendesha kwa dakika chache. Hawatoi video za harusi.

Na niongeze kitu kinachoniuma kama mtu wa Maniema. Solda iliyoshika kila kipande cha bodi ile ni bati karibu yote. Solda zisizo na risasi hukaribia asilimia 96 ya bati na huyeyuka karibu nyuzi 217. Bati hutoka kwenye kasiteriti, ile ile inayochimbwa Kalima na Punia, hapa mkoani kwetu. Koltani hutoa tantalumu ya kapasita ndogo za simu na kompyuta. Vitu hivi hutoka kwetu kwa magunia, hurudi kwa bei ambayo mwalimu hulipia kwa miezi. Mtoto wa Kalima akiunguza bodi kwa uvivu wa kupima, mimi naona uchungu.

MHARIRI: Uchungu huo ninao, Mwalimu. Nikiunguza prosesa, nyingine inakuja kwa ndege au inazunguka kwa reli, mto na pikipiki. Ndiyo maana nataka kuitumia hii yote kabla haijazeeka.

MAMA: Basi kwa nini hamgeuzi maarifa yenu upande wa pili? Ninyi mnajua kupandisha volti hatua kwa hatua na kuona inapokosea. Haiwezekani kuishusha hatua kwa hatua na kuona inapokosea?

Mama amesema niliyotaka kusema. Kiwanda hupanga volti ya kutosha hata prosesa dhaifu kuliko zote katika kundi. Nyingi zina nafasi ya kushuka. Ukitoka 1.20 ukafika 1.10 kwa kasi ileile, umeme wa prosesa hupungua kwa asilimia 16, joto linashuka, feni inanyamaza, na mashine iliyokuwa ikijizuia saa nane mchana haijizuii. Kwa mji unaokaa kwa betri na jenereta, huu ndio ushindi mkubwa kuliko asilimia kumi za kasi. Lakini nisimdanganye mtu: kushusha nako huleta makosa ya kimya, na kunadai kipimo kilekile, saa zilezile, bila kupunguza hata dakika.

FUNDI: Kwa mashine za Mama, hilo ndilo ningefanya, au nisifanye lolote. Mashine inayobeba kazi ya watu wengine haipandishwi. Ya kwako, mdogo wangu, BIOS inaweza kuhifadhi mipangilio miwili. Mmoja wa mchana, volti imeshushwa, kasi ya kiwanda. Mmoja wa usiku, kasi imeongezwa kidogo, hewa ikiwa imepoa. Kila mmoja unapimwa kwa saa yake.

MHARIRI: Nakubali ya mipangilio miwili. Lakini usiku natumia jenereta ndogo, na taa zake huchezacheza kila mtu akiwasha pasi.

FUNDI: Pawasaplai nzuri inayopokea volti 100 hadi 240 inameza mchezo huo kiasi, ila umeme wa ukutani ukishuka yenyewe huvuta mkondo mwingi zaidi na kuchemka. Ya bei rahisi haimezi. Hupitisha mawimbi mpaka kwenye bodi, na prosesa iliyo ukingoni inakosea. Kwa hiyo nitapima na chanzo hicho hicho. Na kusasisha BIOS kwa jenereta bila UPS sitafanya. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, bodi inaweza kufa.

MAMA: Na namba ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe ndani ya kifuniko: volti, joto, saa, chanzo cha umeme, tarehe pasta ilipowekwa. Akija fundi mwingine asianze kubahatisha. Halafu hayo mafuta ya saa nne za kipimo, nani analipa?

MHARIRI: Nalipa mimi.

FUNDI: Basi lete mashine Ijumaa kabla ya saa sita, iache hadi usiku, na ulete jenereta yako unayofanyia kazi. Yangu haitanionyesha kitu.